Wifi Aliyesafiri Bila Begi

Aliyekosa gazeti wiki jana asinisumbue kwa maswali. Nitamweleza kwa ufupi, halafu anyamaze tuendelee, maana Editha hana muda wa kumsubiri mtu.

Editha ni mke wa Lazaro, fundi wa matairi ya malori pale Mikumi. Ugonjwa wake ni muvi za nje. Akishaosha vyombo anachomeka flashi kwenye TV, anakaa kwenye zulia na bakuli la karanga, anaanza kutoa hukumu. Za Kihindi anasema mtu amejaa risasi kifuani lakini bado ana pumzi ya kuuaga ukoo mzima. Za Kituruki anasema wanatazamana mpaka chai inapoa. Za Kizungu za kutisha ndizo zinamtoa povu kabisa.

"Mwanamke umesikia kishindo stoo, unakwenda stoo kutafuta nini? Kimbia. Ukifa hapo mimi silii, najua umejitakia."

Sasa, pale Kilosa kuna kijana anaitwa Yared, anayezitafsiri muvi hizo kwa Kiswahili akiongea juu ya sauti za wenyewe. Ana mtindo wake: katikati ya muvi anawasalimia wateja na kupachika maoni yao. Editha akamtumia voisi kuhusu sizoni moja ya Kikorea, ambayo ndani yake kaka mtu kila akiulizwa dada yako yuko wapi, anajibu amesafiri. Yared akaichomeka voisi yote kama ilivyo, hakukata hata kikohozi, na flashi zikasambaa Kilosa hadi Mikumi.

Voisi yenyewe hii hapa:

"Yared mwanangu, huyo kaka ni muongo na wewe usimtetee. Mwanamke hasafiri akaacha begi. Mimi hapa kwangu Mikumi, wifi yangu Devota, dada wa mume wangu, naambiwa yuko Dar. Dar gani, wakati begi lake liko darini kwangu, na vitenge vyake, na kitambulisho cha kura ndani? Na mbona kila mwezi mume wangu anapakia kiroba cha unga kwenye lori, kinashushwa Ruaha Mbuyuni, ukimuuliza cha nani anakuwa mkali? Muvi hizi wanazitoa majumbani kwetu, halafu wanawasingizia Wakorea."

Mdomo uliponza kichwa. Madereva walikuwa wanaiangalia sizoni hiyo gereji, wanacheka, Lazaro ameinamia tairi, ndipo sauti ya mkewe ikatoka kwenye TV. Tulimwacha pale akidondosha spana na kushika njia ya nyumbani.

Haya. Sasa twende.

Lazaro aliingia mchana kweupe, mikono ingali na grisi. Hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha Editha, kwa sababu mume wake ni mtu wa kufoka. Timu yake ikifungwa anafoka, chumvi ikizidi anafoka. Siku hiyo alisimama mlangoni akamtazama tu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mume wangu, ile ni muvi tu. Nilitoa maoni."

"Nimekuuliza nani mwingine."

"Debora. Lakini Debora si mtu wa nje, ni jirani."

Lazaro akafumba macho. Akavuta kiti, akapanda, akasukuma kipande cha dari, akalishusha begi la dada yake. Vumbi likamwagika kwenye zulia. Akalipangusa begi kwa kiganja, taratibu sana.

"Unalipeleka wapi?" Editha akauliza.

"Nakwenda kulimaliza hili jambo. Nilitakiwa nilimalize zamani."

Editha akarudi nyuma hatua moja. Akashika ukingo wa meza.

"Kulimaliza vipi, mume wangu?"

"Wewe kaa humu ndani. Mtu akigonga, usifungue. Yeyote, umenielewa? Hata akija na Biblia mkononi."

Akalifunga begi nyuma ya pikipiki kwa mpira. Akatoka. Kisha Editha akasikia mlio ambao hajawahi kuusikia tangu aolewe: kufuli likifungwa upande wa nje wa geti.

Jamani, aliogopa. Alikunywa maji yakamrudi. Alijaribu kukaa akashindwa, akasimama, akashindwa pia. Ile voisi alimtumia Yared kwa utani, mguu mmoja juu ya mwingine, anatafuna karanga. Hakuwa anamshtaki mtu. Alikuwa anamkosoa Mkorea. Lakini sasa aliyapanga maneno yake mwenyewe moja baada ya lingine, na kila moja lilikuwa kweli. Wifi aliondoka. Hakupiga simu hata siku ya msiba wa shangazi. Begi lilibaki. Na lile shamba la mpunga la Kilangali, walilorithishwa Lazaro na Devota kwa pamoja, sasa analilima Lazaro peke yake.

Ameua dada yake, Editha akasema moyoni. Nalala na mtu aliyeua dada yake, na leo amejua kwamba najua.

Ndipo akasikia anaitwa nyuma ya nyumba. Ni Debora, kichwa kimechomoza juu ya ukuta wa matofali.

"Jirani, uko mzima? Nimemwona Lazaro anaondoka na begi. Na huku kuna mgeni wako, nimemleta kwa nyuma, geti nimekuta lina kufuli."

Kichwa cha pili kikachomoza. Alikuwa Cleopa, mume wa Devota.

Niwaambie habari za Cleopa, ninyi msiomjua. Anaishi Kilosa, ndiye mkuu wa kwaya kanisani kwao, mtu mpole, sauti yake haimuamshi mtoto aliyelala. Devota alipotoweka, wanaume wengine wangeoa. Cleopa hakuoa. Alikuja Mikumi akakaa kwenye kochi la Editha, akalia machozi ya kweli, na Editha akalia naye, huku Lazaro akitazama pembeni bila kumkaribisha hata maji. Tangu siku hiyo Editha alimhesabu mume wake kuwa mtu mwenye roho ngumu.

"Shikamoo shemeji," Editha akasema.

"Marahaba shemeji yangu, pole. Nimeisikia sauti yako kwenye muvi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nazunguka Dar natafuta, kumbe majibu yako hapa. Lazaro yuko wapi?"

"Ameondoka na begi. Amenifungia."

"Amekufungia." Cleopa akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi hapo si pa kukaa tena. Twende polisi Kilosa, ukaeleze hayo hayo uliyomweleza Yared. Nitakulinda, shemeji."

"Nenda jirani," Debora akadakia, tayari anapitisha stuli juu ya ukuta. "Unasubiri nini, akukute?"

Nakuona, msomaji, unavyoguna. Acha. Wewe umekaa mahali pako umekunja gazeti, yeye amefungiwa na kufuli. Mwanamke aliyewatukana Wazungu wote kwa kwenda stoo alipanda stuli, akapandisha gauni, akaruka ukuta, akaingia kwenye gari la mtu. Angekuwa anajitazama kwenye TV angetupa bakuli la karanga. Lakini hofu ikishakuelekeza upande mmoja huoni upande wa pili, na Editha alipofunga mkanda alimshukuru Mungu.

Gari, ambalo Cleopa aliliazima, likaingia barabara kuu. Likaipita njia panda ya Kilosa, halikupunguza mwendo.

"Shemeji, Kilosa tumeiacha nyuma."

"Najua. Fikiria kidogo. Tukifika polisi mikono mitupu watatuambia hizo ni stori za muvi. Tuanze Ruaha Mbuyuni, tumwone huyo anayepokea kiroba, atuambie ukweli. Unamfahamu ni nani?"

Hapo sasa. Editha alikuwa na jibu, na Editha akiwa na jibu hajawahi kulala nalo.

"Ni mama mmoja anaitwa Sikuzani, anauza vitunguu. Nilimsikia utingo akimtaja. Nyumba yake iko karibu na daraja."

"Sikuzani," Cleopa akasema. "Karibu na daraja."

Akarudia tena kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama anakariri wimbo wa Jumapili. Editha akajisikia mtu wa maana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo wake ukatulia, na moyo wake ukitulia mdomo unafunguka.

"Hivi ile sizoni iliishaje?" Cleopa akamuuliza. "Mimi sikuimaliza. Nilipoisikia sauti yako niliizima."

"Usijisumbue, mwisho wake ni upuuzi. Niliumaliza juzi nikajuta kupoteza umeme."

"Upuuzi gani?"

"Eti yule kaka hakuua mtu. Eti alikuwa anamficha dada yake, kwa sababu mume wa dada ndiye alitaka kumuua. Yaani yule mume, mpole, analia kila sehemu, anabeba picha ya mke wake kifuani, ndiye wanataka tuamini ni muuaji. Mwandishi aliishiwa tu. Mtu anayelia vile huwezi ukaniambia..."

Alikuwa anaendelea, lakini Cleopa alicheka. Alicheka kicheko kirefu mpaka akapunguza mwendo, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Kweli," akasema. "Aliishiwa."

Kisha akaongeza mwendo, akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa kwaya.

  Editha alimtazama kwa pembeni. Uso ulikuwa ule ule, mpole. Ila hakuwa amemuuliza hata mara moja kama anadhani Devota yuko hai au amekufa. Mtu anayetafuta maiti ya mkewe huuliza. Huyu aliuliza jina la mwenye nyumba na nyumba ilipo.

Hapana, akajikatalia. Ni muvi zimekujaa kichwani.

Walipofika Iyovi Cleopa akasimamisha gari mbele ya vibanda. "Nachukua maji," akasema, na funguo akaondoka nazo. Mtandao uliokuwa umepotea milimani ukarudi, na simu ya Editha ikaanza kutetemeka mapajani. Lazaro.

Alitaka kuikata. Akapokea, sijui kwa nini, na yeye mwenyewe mpaka leo hajui.

"Uko wapi?" Lazaro alikuwa anahema. "Debora anasema umeruka ukuta."

"Niko Iyovi. Niko na shemeji Cleopa, tunakwenda polisi. Usinitishe Lazaro, nimeshajua."



"Polisi wa wapi? Mimi niko Kilosa kwa Yared, nimekuja aifute sauti yako. Njia yote sijakutana na mtu."

"Tunapitia Ruaha Mbuyuni kwanza. Kwa Sikuzani."

Lazaro akatoa sauti ambayo Editha hajawahi kuisikia kwa mwanaume yeyote. Ilikuwa ndogo.

"Umempa jina?"

"Wewe umebeba begi la marehemu unaniuliza mimi..."

"Marehemu gani? Begi ninalo hapa, nikitoka kwa Yared nilikuwa nampelekea Devota akimbie tena, kwa ajili ya mdomo wako. Dada yangu yuko hai, Editha. Cleopa alimmwagia maji ya moto mgongoni, akaapa mbele ya macho yangu kwamba mara ya pili atamaliza kazi. Tulisema kwa wakubwa wa kanisa, tukaambiwa mkuu wa kwaya hawezi. Nikampakia kwenye lori, chini ya turubai la vitunguu. Begi lilibaki kwa sababu mwanamke mwenye begi kila mtu anamuuliza anakwenda wapi. Na alikuwa na mimba. Cleopa hajui kama kuna mtoto."

Editha akaibana simu sikioni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe?"

Hakukuwa na hasira kwenye swali lile. Lilikuwa swali tu, na liliuma kuliko kofi.

"Sikiliza," Lazaro akasema. "Shuka sasa hivi, nenda kasimame na watu. Mimi nampigia Sikuzani, na hapa nakwenda polisi. Lakini tuko mbali. Umenielewa? Tuko mbali sana."

Cleopa alikuwa amegeuka, anakuja, chupa mbili za maji mkononi. Editha akakata simu.

Mlango upo. Watu wapo: mama anapepea mahindi, vijana wameegemea pikipiki. Mguu mmoja ungetosha kuwa nje. Mkono wake ulishika kitasa.

Halafu akawaza. Nikishuka, nitawaambia nini? Huyu ni mkuu wa kwaya, mimi ni mwanamke niliyeruka ukuta wa mume wangu. Mpaka nimalize kueleza, yeye ameshafika. Jina analo. Nyumba anaijua. Nimempa mimi.

Aliogopa, hilo nalisema bila aibu kwa niaba yake. Alitamani kushuka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini mkono ukaachia kitasa. Kama kuna mtu wa kumchelewesha Cleopa barabara ile, ni yeye peke yake.

"Nani alikuwa anapiga?" Cleopa akauliza, akiwasha gari.

"Debora. Anauliza kama tumefika."

"Mna mapenzi na jirani yako."

Wakaondoka. Editha akasubiri wapite kona, asionekane ana haraka.

"Shemeji, nimechanganya. Huyo Sikuzani hakai darajani. Yuko ndani huko, njia ya Malolo, mbali na barabara. Nitakuonyesha."

Huyu ni mwanamke ambaye tangu azaliwe hajui kusema uongo wala kunyamaza. Uongo wake wa kwanza wa maana ulitoka na jasho, na Cleopa akauona unavyotoka.

"Dakika chache zilizopita alikuwa darajani."

"Utingo alisema Malolo. Daraja nililichanganya na lingine."

"Sawa shemeji." Sauti ilikuwa pole, pole kabisa. "Tutaanza darajani, tusipomkuta ndiyo tutakwenda huko kwako Malolo. Na nikikuta umenizungusha, tutaongea mimi na wewe. Sawa?"

"Sawa."

 Mluzi haukurudi. Kila lori walilopishana nalo Editha aliliombea lizibe barabara, halikuziba. Alisema anataka kujisaidia. Cleopa akamwambia vumilia. Akajifanya ana kichefuchefu, Cleopa akamshushia kioo. Vibanda vya vitunguu vikaanza kuonekana, nyavu nyekundu zimening'inia pande zote mbili.

Simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Lazaro. Editha akaufungua akiwa ameiinamia.

"Usiogope mke wangu. Sikuzani amepokea. Devota ameshatoka nyumbani na mtoto. Wamesimama darajani wanangoja gari lolote."

Akainua macho. Daraja lilikuwa mbele yao. Kwenye kingo alikuwa amesimama mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa kwa haraka. Aliliona gari linakuja. Akasogea barabarani, akanyoosha mkono kulisimamisha.

Cleopa hakuwa amemwona. Alikuwa ameitazama simu, kiganja chake kimekingwa mbele ya Editha.

"Huyo Debora anaandika nini? Lete nisome."

Akiitazama simu, atasoma. Akiitazama barabara, ataona. Mkono wa yule mwanamke ulikuwa bado uko juu, na gari lilikuwa kwenye mwendo.

"Lete, Editha."

Editha akampa simu, ili macho ya Cleopa yavuke daraja yakiwa chini.